Spika Zangu Hazina Makosa

Jumamosi, 5 Julai

Baridi kali hapa mtaani Satellite. Binti yangu Becky ameniwekea tangazo mtandaoni: amplifaya na spika mbili za mbao, zinalia safi. Kwa kweli sitaki kuziuza! Lakini mke wangu Mwihaki hakai sebuleni tena. Nikiwasha muziki tu, huyo, jikoni. Inakaribia miaka miwili. Ameuchoka, simlaumu. Zikiondoka atarudi kwenye kochi, tunywe chai, tutazame ukungu dirishani kama zamani. Nimemkosa, na yuko humu humu ndani.

Jumatatu, 7 Julai

Mnunuzi wa kwanza, kijana wa Kilimani, anaitwa Dan. Akatega sikio, akakunja uso. "Mzee, hii kitu inapiga filimbi."

Filimbi gani? Nimeuza viatu mjini nusu ya maisha yangu, nawajua wanunuzi nje ndani. Mpe mbuzi mzima, atakuambia anachechemea, mradi bei ishuke. Nikamwambia spika zangu hazina makosa. Akaenda zake.

Nikabaki na nyimbo zangu za magitaa ya zamani mpaka chumba kikawa kama kinaelea. Siku hizi sauti imekuwa laini, kama inatoka chini ya blanketi. Tamu! Naona uzee umezilainisha.

Alhamisi, 10 Julai

Yvonne, mama wa Kitisuru, manukato mlango mzima. Wimbo haukufika katikati — akaziba masikio! "Uncle, aki kuna kasauti huko juu, kama mbu. Huskii?"

Wamepangana hawa? Nikamjibu mbu huyo amekuja naye kwa gari. Akacheka, akaondoka.

Nikalala mchana kwa hasira. Nimeota Mwihaki anaanika nguo akiimba, shuka nyeupe kila upande, na mimi natembea katikati ya shuka hizo nikimtafuta.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemsimulia Mwihaki jinsi wanunuzi wanavyonichezea shere. Nilitarajia acheke. Akaweka kikombe chini, akasema kwa nguvu, kama anavyosema nami siku hizi: "Baba Becky, si inapiga filimbi kweli? Tangu stima ipotee tukabaki gizani ile siku ya mvua, ikarudi na kishindo. Inanitoboa kichwa. Unadhani jikoni nafuata nini?"

Mbona hukuniambia?

"Nilikuambia! Mara ngapi! Unaitikia tu 'mm', unatabasamu. Nikasema basi, ameipenda hivyo."

Nikawasha. Nikaongeza. Mwihaki akashika kichwa. Mimi — magitaa tu, laini, mbali. Hakuna filimbi. Hakuna kitu.

Nimeogopa. Nimeogopa sana.

Jumapili, 13 Julai

Nimemwambia Becky aondoe tangazo. Anataka anipeleke kwa daktari wa masikio, nimesema tutaona. Amplifaya nimeichomoa kabisa.

Tumetoka kanisani, na Mwihaki amekuja mwenyewe, akaketi kwenye kochi, bega kwa bega nami. Chai. Ukungu umeshuka hadi kwenye ukuta wa jirani. Furaha gani hii! Naandika na daftari gotini, sitaki hata kusogea.

Anaongea. Anatazama dirishani, anaongea chini chini, jambo refu, la moyoni naona, maana ameshika mkono wangu. Midomo inakwenda polepole. Sasa amenyamaza. Amenigeukia, macho yana machozi, anangoja.

Nimeitikia, nikatabasamu. Sijui nimekubali nini.