Kichwa cha Barakoa

Jumatatu, 10 Januari 2022

Gramu elfu moja na mia moja! Nilimpima mara mbili, sikuiamini mizani. Mtoto mzima, mfuko wa sukari! Na ana kucha. Zote ishirini, nimezihesabu. Nani alipata muda wa kuzitengeneza?

Mama yake, Ng'washi wa Sengerema, alipata kifafa cha mimba. Alipojifungua tu akakimbizwa hospitali kubwa, na mpaka sasa hajitambui. Baba mtu, Luhende, yuko naye huko. Kwa hiyo binti ni wetu. Hapa wodi ya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, tuna utaratibu wetu: mama asipoweza, tunambeba sisi manesi kwa zamu, ngozi kwa ngozi, kitenge kimefungwa juu. Leo nimeanza mimi. Saa tatu nzima. Moyo wake nilikuwa nausikia kwenye mfupa wa kifua changu mwenyewe. Miaka kumi na sita ya unesi na bado nimepigwa na butwaa.

Jioni kichwa kimeniuma. Kichwa cha barakoa, ndivyo tunavyokiita kazini.

Jumanne, 11 Januari

Kichwa hakijaondoka. Kinaanzia katikati ya macho, kinazunguka mpaka kisogoni. Lakini wodi ile ni joto — lazima iwe joto, njiti hawana mafuta ya kujipasha — na kamba za barakoa zinakata masikio. Nani asiumwe?

Nilimeza panadol mbili kabla ya kutoka nyumbani. Mlangoni, mlinzi wetu Mzee Ndalahwa akanielekezea kipima joto kwenye paji la uso. 36.4. Akasema niko mzima kama ng'ombe wa mahari! Nikamwamkia, nikapita. Saa ya chai nyingine mbili. Chumba cha chai panadol inakaa jirani na kopo la sukari, kila mtu anajichotea. Revocatus wa maabara alimeza zake, akasema hii ndiyo chapati yetu. Tukacheka.

Nilimbeba tena yule binti. Barakoa ilinibana nikaishusha chini ya pua. Kidogo tu, nipumue. Utosi wake ulikuwa hapa, chini ya kidevu changu.

Jumatano, 12 Januari

Mapinduzi. Sikukuu ya wengine.

1,130! Ameongeza gramu thelathini! Nilipiga kigelegele, nesi mwenzangu Winnie akaniambia nipunguze, hii ni wodi si harusi. Mdogo kwangu kwa miaka kumi na ananikaripia!

Kichwa bado. Panadol.

Alhamisi, 13 Januari

Leo Revocatus alisahau panadol zake kwake Mkolani. Hilo tu. Mlangoni Mzee Ndalahwa akampima: 38.6. Akapima mara ya pili, akarudi nyuma hatua mbili. Revocatus akapimwa kwenye maabara yake mwenyewe. Korona.

Akanipigia kutoka nje ya geti. Dada, akasema, kichwa changu kina siku ya tano leo.

Nikakaa chini. Changu kina siku ya nne.

Wakaniingiza kijiti puani. Mistari miwili, hata dakika tano hazikufika.

Kumbe! Tunaizima homa kwa panadol nyumbani, halafu tunakwenda kuiulizia mlangoni kama ipo. Na mashine inatujibu haipo, na tunaamini! Mkulima asiyejua hata kusoma asingefanya kosa hili. Yeye hana panadol ya bure karibu na sukari.

Ijumaa, 14 Januari

Nimejifungia chumbani. Dirishani naona mawe na kipande cha ziwa, basi. Nina simu na kichwa kinachogonga.

Wenzetu sita wamepatikana nayo, mbali na mimi. Nimewapigia wote, swali moja: kipi kilianza? Watano wamesema kichwa. Si kikohozi, si mafua. Kichwa! Siku mbili, tatu, kabla ya kitu kingine chochote. Na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mfamasia: miwani mipya. Mpishi: moshi. Mkunga: mume wake. Mimi: barakoa.

Nimekaa nawaza. Kitu ambacho hata hadubini ya Revocatus haikioni kimeingia ndani ya watu wazima saba, kwa sita kikabisha hodi mahali pale pale, na sisi wenye vyeti ukutani tukakijibu kwa panadol. Nakiogopa. Lakini Mungu nisamehe, nakistaajabia pia. Kinajua njia kuliko sisi.

Mtoto alipimwa jana. Hana. Nikashukuru, lakini daktari akasema ni mapema mno, atarudiwa Jumapili. Yale mapafu yake! Sidhani kama yangejaza kijiko.

Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu: nilishusha barakoa. Nililaumu kamba, nikashusha barakoa, naye alikuwa chini yangu anavuta hewa yangu. Nimelia mpaka kichwa kikazidi.

Jumamosi, 15 Januari

Winnie amechukua zamu zangu zote. Alipimwa Alhamisi, hana, na daktari ameagiza ambebe yeye peke yake, mwingine asimguse. Tangu juzi ni yeye tu, hata kulala analala kwenye kiti.

Amenipigia saa nne asubuhi. 1,160! Anatafuta kidole chake anyonye, anakipata, anakipoteza, anakitafuta tena. Na Ng'washi amefumbua macho! Swali lake la kwanza: mtoto gani? Luhende akamwambia wa kike, na Ng'washi akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nimepiga magoti hapa hapa sakafuni. Mtu alikwenda kule akarudi! Nimemwambia Winnie amweleze yule binti kwamba ana mama. Akasema ameshamweleza, masikioni kabisa.

Kisha sauti yake ikashuka. Nikadhani mtandao.

Dada Teodora, akasema, hivi kichwa chako kilianzia wapi? Mbele, au kisogoni?

Nikamuuliza kwa nini anauliza. Akasema hamna kitu, ni joto la hii wodi, na hajalala vizuri.

Nikamuuliza mtoto yuko wapi sasa hivi.

Yuko hapa kifuani, akasema. Amelala.