Dirisha Moja Linalofunguka

Area 23, Lilongwe

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za mtoto wako wa mbali. Magoti yako yanasemaje na hizi mvua? Na hapo Bukavu, bantu banalala salama? Mi niko muzima, nakula, nasoma, na kanisani sikosi. Nimeanza na hayo kusudi usishituke na yanayofuata: nyumba yetu ilishika moto, lakini hakuna aliyeumia hata kidole. Kwa simu maneno haya yangekatika-katika, njo maana nimechukua karatasi. Soma polepole.

Unajua nilitoka kambini Dzaleka, kwa shangazi, nilipopata nafasi ya kusomea uuguzi hapa mjini. Tumepanga nyumba moja wasichana watatu. Kuna mimi. Kuna Chisomo, mwenyeji wa hapa Malawi, tunasoma naye darasa moja. Na kuna Zaina, Muislamu, wazazi wake ni wa Kindu. Mama yake anauza maharage na mawese sokoni Dzaleka, yeye anasomea uhasibu. Ni mufupi, anacheka kwa sauti kubwa, na Mama, huyu njo nataka umujue.

Nyumba iko na mlango mmoja tu. Ukiingia unakuta jiko, halafu koridori, halafu vyumba vyetu. Madirisha yote yana vyuma, maana wezi wa huku hawana huruma. Mi nilipoviona vile vyuma nilifurahi. Zaina alivitazama siku tulipohamia akauliza, "Jiko likishika moto, sisi bantu ba nyuma tutapita wapi?"

Chisomo akamwambia aache kuita mabaya. Zaina hakuacha. Alienda kwa mwenye nyumba, mzee tunayemwita Bambo, akamwomba vyuma vya dirisha moja vikatwe, viwekewe bawaba na kufuli, ufunguo utundikwe ndani mahali mwizi hawezi kufikisha mkono. Bambo akakataa. Wezi wakiingia, alisema, nyinyi nyinyi mtanilaumu. Zaina akarudi, akakataliwa tena. Basi siku moja Bambo alipokuja kutengeneza bomba, Zaina alimkaribisha kwa heshima mpaka chumbani kwangu, akampa kiti, akafunga mlango. Kichewa chake ni cha kuokota sokoni, lakini siku hiyo alikisema bila haraka.

"Bambo, jiko linaungua. Koridori imejaa moshi. Tuonyeshe utatokea wapi."

Mi nilitamani ardhi inimeze, mzee mzima kuulizwa vile! Bambo alitazama mlango. Akatazama dirisha. Akasimama, akashika vyuma kwa mikono miwili, akavitikisa, wala havikusogea. Akaviachia, akasema, "Iteni fundi wa kuchomelea."

Fundi akaja akavikata vyuma vya dirisha langu, lakini hata hapo Zaina hakuridhika. Akawa anatufanyisha mazoezi ya kufungua lile kufuli tumefumba macho. Chisomo alicheka mpaka machozi, lakini alifanya. Mi pia nilifanya, zaidi kwa kumpendeza.

Mama, Jumapili moja tulikuwa tumetoka kanisani. Chisomo aliweka maharage kwenye resho, lile jiko dogo la umeme, umeme ukakatika. Alingoja, ukakawia, akaenda kujilaza akasahau kuizima. Mi nilikuwa nimesinzia juu ya kitabu. Umeme ukarudi bila sisi kujua. Maharage yakakauka yakaungua, kitambaa kilichokuwa pembeni kikashika, halafu pazia, halafu kabati.

Zaina alikuwa chumbani kwake, moshi ukamfikia wa kwanza. "Moto! Moto!" Neno hilo ni moja kwa Kiswahili na kwa Kichewa, hakuna aliyeomba tafsiri. Alipita koridori ameinama, akamtoa Chisomo kitandani, wakaingia kwangu wakikohoa. Akafunga mlango, akashindilia shuka chini yake. "Nsimire, fungua!" Ufunguo ulikuwa karibu yangu. Macho yalikuwa yanawasha, nikayafumba, na vidole vikafanya vyenyewe vilichozoea. Vyuma vikafunguka kama mlango. Tukaruka.

Nje, Chisomo akakumbuka kompyuta yake, akataka kurudi ndani. Zaina akamkamata chitenje kiunoni. "Kompyuta itanunuliwa! We tutakununua wapi?" Jirani mmoja alikuwa amekwisha kuinua ndoo amwage maji jikoni, Zaina akapiga kelele umeme uzimwe kwanza, na mwingine akakimbilia kwenye mita ukutani. Hapo njo walimwaga maji na mchanga, mtaa mzima, mpaka moto ukakufa. Jiko lilikwisha kabisa na dari ya koridori. Vyumba vilipata moshi tu.

Bambo alifika juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, jasho linamtoka. Aliuliza nani aliacha resho. Chisomo akasema, "Ni mimi, Bambo." Bambo akamwambia afunge mizigo yake siku hiyo hiyo.

Mi nilinyamaza, Mama. Zaina ndiye aliyesema. "Ukimufukuza huyu, siku ingine moto ukiwaka mutu ataogopa kuita. Atauficha, atapambana nao yeye peke yake mpaka nyumba yote iishe. Leo tumepona kwa sababu tuliita."

Bambo alimtazama sana. Kisha akamgeukia Chisomo: "Utasaidia kupaka rangi." Na amesaidia. Hata mi na Zaina tulishika brashi. Kwa sasa tunapikia nje, kwenye mbaula ya makaa, na yule fundi wa kuchomelea anaitwa nyumba baada ya nyumba kwenye mstari wetu.

Nilimuuliza Zaina ujasiri ule aliutoa wapi. Akacheka. "Ujasiri gani? Mi ni mwoga. Bengine banaogopa bananyamaza, mi naogopa nasema."

Kwa hiyo na mi nasema. Mama, bale batoto ba chuo unaobapangisha vyumba vya nyuma, nyumba ni ya mbao, na jioni unafunga mlango wao na kufuli kwa nje. Najua unawapenda, unawafungia wasiibiwe. Nakuomba kwa magoti: waachie ufunguo wao ndani, na mjomba, yeye seremala, awafungulie njia nyingine.

Nisalimie koko mama yako, na mdogo wangu anayekaribia mtihani, na mjomba, na mama jirani anayekuletea maji. Zaina yuko nyuma ya bega langu, anasoma, anasema nipunguze sifa. Leo simusikilizi.

Wako wa tumboni,
Nsimire