Moshi Uliorudi Ndani

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumatatu asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na pokea shikamoo ya pili kutoka kwa mume wangu. Bado nikiliandika neno hilo, "mume wangu", kalamu inaniteleza kwa furaha. U hali gani? Mwili unasemaje wiki hii? Umeanza kula, au chakula bado unakitazama kama picha ukutani? Na nywele, zimeanza kuchungulia? Sisi hatujambo, ila nina hofu, na nakuomba barua hii uisome mpaka chini sasa hivi, usiiweke chini ya mto ukingoja nafasi. Ningepiga simu, lakini wewe mwenyewe unajua, simu na masikio yako waliachana zamani, na jambo hili sitaki lipitie kinywa cha mtu mwingine likufikie nusu.

Neno lenyewe ni hili: Alhamisi usiende kutundikiwa dripu pale unapotundikiwa siku zote.

Najua utasema ndoa imenitia wazimu. Nivumilie nikueleze.

Kwanza nikwambie, Shangazi, nimeolewa vizuri. Sijui kama kuna mwanamke mwingine anayepokonywa ndoo ya maji mkononi kila asubuhi. Akirudi kazini huniita kutoka chini kwenye ngazi, hawezi kungoja kufika juu, na majirani wanatucheka. Kidogo ni mtu wa ajabu: haendi popote bila tochi ndogo mfukoni. Siku ya harusi yetu, uliyoikosa kwa sababu ya matibabu, aliitoa akakimulika kisu cha keki kabla hatujakata. Wapambe walicheka mpaka mmoja akakaa chini na gauni lake. Wenzake wa kazini wanamwita Tochi. Mimi namwita Nuru yangu, naye anaona haya.

Kazi yake ni kukagua famasia za hospitali, hasa zile zinazotayarisha dawa za kuingizwa mshipani. Mimi nilidhani dripu inatoka kiwandani ikiwa tayari. Kumbe nyingine, kama hizo dawa zako kali, huchanganywa palepale hospitalini, katika chumba maalumu, na mtu aliyejifunika mwili mzima yamebaki macho tu. Dawa ya kumeza ikiwa na kijidudu, ameniambia, tumbo litapigana nacho. Ya mshipani haina bawabu. Inaingia moja kwa moja mpaka moyoni. Ndiyo maana chumba kisicho kisafi hakipewi leseni, na chenye leseni kikiharibika hunyang'anywa.

Jioni tukikaa kula hunisimulia vyumba. Hospitali hataji hata moja, amekula kiapo cha kazi, nami sijawahi kumchokonoa.

Ijumaa alinisimulia chumba kimoja. Hewa ya humo, alisema, inatakiwa isukumwe kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu wa ukumbini usipate njia ya kuingia. Kupima ni rahisi: unavunja kijibomba chenye moshi mweupe karibu na upenyo wa mlango, unatazama moshi unaelekea wapi. Nikamuuliza kama ulitoka.

"Uliingia," akasema. "Ukatembea taratibu mpaka kwenye meza ya kuchanganyia dawa, ukakaa pale kama mgeni aliyekaribishwa."

Nikacheka. Akasema hata bila moshi angejua, kwa sababu chumba kile, kinachotakiwa kisiwe na harufu yoyote, kilinuka vitunguu vya kukaangwa. Jiko la hospitali liko upande wa pili wa ukumbi. Wafanyakazi wamezoea, hawaisikii tena harufu.

Hapo kicheko kiliniishia mdomoni. Barua yako ya mwisho naijua kwa moyo, Shangazi. Uliandika kwa utani wako kwamba ugonjwa unakunyima hamu ya kula, lakini unapotundikiwa dripu vitunguu vyao vinakurudishia, mpaka nesi naye ananukia mchuzi. Na chini zaidi, kama mtu anayetaja hali ya hewa, uliandika kwamba baada ya dripu ya mwisho, baridi ilikushika ukiwa umefika nyumbani, ukatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, na homa ikakukalia. Ukasema dawa kali ndivyo zilivyo. Mimi nikakuamini, nikaendelea kufurahia harusi yangu.

Hospitali zenye jiko ni nyingi. Kwa hiyo nilimuuliza swali moja tu, kama ile ina ngazi za chuma upande wa nje, za rangi ya samawati, zile unazolalamika kwamba zinakukata pumzi.

Akaacha kutafuna. "Nani anatibiwa pale?"

"Shangazi. Aliyenilea."

Aliweka kijiko chini, akainuka, akaenda kunawa mikono. Akanawa, akanawa tena, akanipa mgongo muda mrefu. Shangazi, sijawahi kuogopa mgongo wa mtu kama nilivyouogopa ule.

"Sijakutajia hospitali," akasema.

"Hujanitajia."

"Na siwezi."

Kilichofuata nilikipata kwa kuvuta kidogokidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Yeye alitaka chumba kile kifungwe siku ileile. Mkubwa wake akasema hapana, wapewe mpaka mwisho wa mwezi wajirekebishe na kujibu, ndio utaratibu, na wagonjwa wakikosa dawa lawama itakuwa ya nani? Alipobisha akaambiwa kijana, punguza moto. Kwa hiyo wanaendelea kuchanganya. Na mkaguzi anayetoa maneno nje kabla ya taarifa kutoka hufukuzwa, na hakuna famasia itakayomchukua tena. Nasi kitanda chetu bado kina nailoni ya dukani.

Jumamosi nilipika kwa hofu, nikafua kwa hofu. Nikimtazama yeye naogopa, nikikukumbuka wewe naogopa zaidi. Dawa hizo zimeshakula kinga yako yote. Wewe sasa ni nyumba isiyo na mlango. Nikikaa kimya na Alhamisi ikapita, nitakutazamaje? Nikisema naye akafukuzwa, yeye nitamtazamaje? Nilifikiria hata kukudanganya kwamba nimeota ndoto mbaya juu yako. Nikakumbuka unavyosema, ndoto ni shibe.

Jana alikuwa anapiga viatu vyake rangi. Bila kuinua kichwa akasema leseni ya kuchanganya dawa inatakiwa itundikwe mahali mgonjwa anapoiona, na mgonjwa yeyote ana haki ya kuiulizia. Hiyo si siri ya mtu, ni sheria. Nilitaka kumbusu. Nikajua la kukuandikia: uliza leseni, usipoiona ondoka. Kisha nikauliza, na kama ipo?

Brashi ikasimama juu ya kiatu.

"Itakuwepo," akasema. "Hakuna aliyeiondoa."

Basi, Shangazi, usitazame ukutani. Ukuta utakudanganya.

Sikwambii uache dawa. Kuacha nako ni hatari, na daktari wako hana kosa, yeye haingii chumba kile. Kesho muombe barua ya rufaa uhamie hospitali kubwa ya ng'ambo ya reli. Ile mume wangu anaruhusiwa kuisifia, taarifa yake ilishatoka, na chumba chao anasema ungeweza kumlaza mtoto mchanga mezani. Ni mbali, najua, lakini binamu yangu Kipara atakupeleka kwa pikipiki, na akikataa atanipa sababu ya kumwandikia na yeye. Na ile baridi ikikushika tena, hata kidogo tu, usijifunike blanketi ukangoja ipite. Nenda hospitali saa hiyohiyo, uwaambie unatundikiwa dripu za dawa kali na una homa.

Sasa nikuambie jambo la leo. Barua hii niliianza alfajiri, naye nilikuwa nimemficha. Sikuandika harusi wala tochi wala kijibomba cha moshi. Niliandika tu kwamba "mtu mmoja anayejua" ameniambia. Ilikuwa siri yangu ya kwanza kwa mume wangu. Akatoka kuoga, akasimama nyuma yangu. Nikaifunika karatasi kwa mkono kama mtoto anayeficha majibu darasani.

"Ni ya shangazi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaichukua, akaisoma amesimama, maji yanamdondoka. Nilijua ataichana, na nilijua nisingeweza kumlaumu.

"Huyu mtu mmoja anayejua, ndiye mimi?"

"Nimekuficha."

"Shangazi yako ataacha dawa yake kwa neno la mtu asiye na jina?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hutaacha. Utacheka, utasema mapenzi yamenipanda kichwani, na Alhamisi utapanda ngazi zako.

Akairudisha karatasi mezani. Kisha akauliza kama unakaa peke yako ukitundikiwa. Nikamwambia hapana, kuna benchi zima, yule mwalimu mstaafu anayekuibia mto, na mama mjamzito, na wengine. Akavuta kiti akakaa.

"Na wao," akasema, "nani anawaandikia barua?"

Karatasi ile ya kwanza tuliichana pamoja. Hii unayosoma nimeiandika upya, naye yumo. Mistari inayofuata ni mkono wake, utaujua kwa ubaya wake:

*Shangazi, shikamoo. Chumba hicho niliingia mwenyewe na niliyoyaona niliyaona. Alhamisi usiende. Wenzako wa benchi waonyeshe barua hii. Sasa hivi nakwenda kumwambia mkubwa wangu kwamba nimekuandikia, ili achague kukifunga chumba au kunifukuza mimi, au vyote viwili. Mkwe wako, mkaguzi.*

Ameshavaa shati nililompigia pasi, ameshuka. Nimesimama dirishani nimemtazama mpaka kwenye kona ya duka. Kila siku akifika pale hugeuka kunipungia. Leo hakugeuka.

Barua naikimbiza stendi kwa kondakta, jirani yetu wa chini. Ameahidi kukupa mkononi kesho asubuhi. Mjibu kwa mdomo tu, neno moja, "nimesoma", ataniletea.

Nisalimie Kipara, nisalimie wifi fundi cherehani na pacha wake, na Bibi Miwani mwambie picha za harusi zipo, zinakuja. Mungu akulinde kila tone linaloingia mwilini mwako, na amlinde huyu aliyeshuka ngazi bila kugeuka.

Ni mimi, mtoto uliyemlea na anayekupenda,

Bi harusi wako