Beseni la Vidonge

Jumatatu, 3 Machi

Matokeo yametoka leo. Hakuna tofauti.

Miezi kumi na minane. Wanawake mia moja na sitini. Nusu wanakunywa dawa mpya ya presha, nusu wanakunywa kidonge kisicho na kitu – chaki, ndivyo tunavyokiita – halafu mwisho wa yote Profesa anasimama mbele ya ukuta mweupe na kusema presha za makundi yote mawili zimeshuka kidogo, na zimeshuka sawasawa. Kwa hiyo dawa haina maana. Makala imeshachapishwa kwenye jarida. Zahanati zilizokuwa zinaisubiri hazitaletewa.

Hata wa chaki walishuka! Profesa anasema hiyo ni akili tu, mtu akiamini anatibiwa, mwili unatii. Labda. Mimi si daktari. Mimi ni muuguzi ninayekaa dirishani, nampa kila mama chupa yake ya vidonge thelathini, na mwezi ukiisha anairudisha, naimwaga kwenye sinia, nahesabu vilivyobaki. Kwenye makala yao kuna sentensi moja inayonihusu: unywaji wa dawa ulikuwa mzuri kupita kawaida, asilimia tisini na sita. Nimeisoma mara nne. Hiyo ni kazi yangu. Yangu na ya Dada.

Maana bila Dada ningewapata wapi hao wanawake? Karibu wote ni washonaji wa ushirika wake. Ukumbi mmoja, cherehani mia na kitu, mashuka ya hospitali na sare za shule. Yeye ndiye mwenyekiti. Siku ya kuwaandikisha alipanda juu ya benchi akawaambia, huyu mdogo wangu nimemlea mwenyewe tangu mama yetu afariki, mkimwangusha yeye mmeniangusha mimi. Hakuna aliyeniangusha. Nilikuwa najisifu kwa wenzangu – wengine wanahangaika mitaa mizima kutafuta watu, mimi nimewapata wote chini ya paa moja.

Nimempigia simu kumweleza. Akauliza, "Kwa hiyo hiyo dawa haitaletwa tena?" Nikasema haitaletwa. Akasema ana watu, tutaongea.


Jumatano, 5 Machi

Bwana Asilimia hajaridhika. Huyu ndiye mtakwimu wetu, mtu ambaye hata chai anaagiza maziwa asilimia ishirini. Anasema wa chaki hawashuki hivyo kwa akili peke yake. Ametoa damu zilizokuwa kwenye friza, sampuli sitini, akaagiza zipimwe kama zina dawa ndani.

Wa chaki walikuwa thelathini. Ishirini na sita kati yao wana dawa kwenye damu.

Na wale wa dawa ya kweli wanayo, ila nusu ya inavyotakiwa.

Alinieleza polepole, mlango umefungwa, macho yake kwenye mikono yangu. Chupa zinatoka kiwandani zimefungwa, zina namba tu. Vidonge vyote ni vyeupe, vina umbo moja, hata ladha ni moja. Mahali pekee kwenye jengo hili ambapo chupa inafunguliwa ni juu ya sinia langu, ninapohakikisha ni thelathini kabla ya kumpa mama.

Nilichelewa kuelewa anasema nini. Nilipoelewa nikacheka. Yeye hakucheka.


Ijumaa, 7 Machi

Nimekabidhi funguo za kabati la dawa.

Profesa alizipokea bila kuniangalia. Mtu huyu alikuwa akiniita "mikono yangu". Wageni wakija, ananivuta mbele: huyu ndiye mikono yangu. Leo amesema "muuguzi wa dirishani", nimesimama palepale, kana kwamba ni mtu wa jengo jingine. Kikao ni Ijumaa ijayo, mbele ya kamati ya maadili. Wawakilishi wawili wa wanawake nao wataitwa: mwenyekiti wa ushirika, na mmoja katika waliougua wakati wa utafiti.

Basi nimepata ahueni. Dada atakuwepo. Dada ananijua.

Kisha wakanipa orodha, ile ya siri, nilinganishe namba za chupa moja baada ya nyingine. Kwa mara ya kwanza nimeona nani alikuwa na nini. Dada: chaki. Mama Vifungo: dawa ya kweli. Hapo nilisimama. Mama Vifungo ndiye aliyekuwa akitoboa matundu na kushona vifungo, hakuna mkono mwepesi kama ule pale ukumbini. Mwezi wa tisa wa utafiti alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Na kumbe alikuwa na dawa kamili! Nikajiambia, basi kweli haifai kitu.

Yaliyomo kwenye orodha ni siri. Niliapa, nikaweka sahihi.


Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kwa Dada baada ya chakula cha mchana. Nilimkuta anakata mashuka mezani, chaki ya fundi nyuma ya sikio. Nikamweleza yote, damu, sinia, funguo, kikao. Nikamwambia nataka aje aseme jinsi anavyonijua, jinsi ninavyohesabu, kwamba siwezi kuchanganya chupa hata nikiwa na homa.

Hakushtuka. Aliweka mkasi chini. "Wewe hukuchanganya," akasema. "Tulichanganya sisi."

Alisema kama mtu anayeniambia mvua imenyesha.

Kila siku ya kuchukua dawa, wakishatoka wote kwangu, walikuwa wanapita stoo ya vitambaa. Kuna beseni la bluu. Kila mmoja anamwaga chupa yake mle ndani. Dada anakoroga kwa mkono – ameunawa, hilo alilisisitiza – kisha kila mtu anahesabiwa thelathini vyake, anarudisha kwenye chupa, anakwenda nyumbani. Miezi yote kumi na minane. Wachache tu hawakuwemo, wale ambao si washonaji.

"Si ulitueleza mwenyewe?" akasema. "Ulisema nusu yenu mtakunywa chaki, na hakuna atakayejua ni nani. Tukatazamana. Sasa mimi nipone, na huyu wa cherehani ya pili aende na chaki yake? Au apone yeye niende mimi? Tukaona bora kila mtu apate kidogo."

Kidogo na sawasawa. Ndiyo matokeo ya Profesa hayo, neno kwa neno, yametoka kwenye beseni la kufulia.

Nikauliza, na vile kimoja viwili mlivyokuwa mnarudisha? Hapo akatabasamu kabisa. "Tulikuwa tunavibakiza makusudi. Wewe ulisema ukiona chupa tupu kila mwezi unaanza kumshuku mtu."

Asilimia tisini na sita.

Wamenichezea shere. Ndiyo, niandike hivyohivyo. Wanawake mia na kitu wamekula njama, na kiongozi wao ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Kila mwezi alikuwa anakaa kwenye kile kiti mbele ya dirisha langu, ananiuliza watoto wanaendeleaje, mbona nimekonda, huku ananisukumia chupa yenye vidonge visivyo vyake. Na mimi namsifu! Namwandikia alama ya vema! Ningeweza kusamehe wote mia na kitu. Yeye siwezi.

Nikamuuliza kwa nini hakuninong'oneza hata mara moja. Akasema, "Ungetukataza." Kweli, ningewakataza. Lakini jibu hilo halikunipoza.

Wala hakuona kosa. Alisema Ijumaa atakuja mwenyewe, atawaambia bila kuficha, kwani wameiba? Wamegawana. Akaendelea, "Tena tulianza kwa ajili ya Mama Vifungo. Presha yake ilikuwa ya kutisha kuliko ya wote. Nilikuwa naogopa asije akaangukia chaki."

Hapo maneno yakanitoka. Nikasema, "Hakuangukia chaki. Alipewa dawa. Mwenye chaki ulikuwa wewe. Mlichukua nusu ya dawa yake mkaila."

Alikaa. Hakukuwa na kiti, alikaa juu ya vitambaa. Akasema, "Usiseme hivyo." Akarudia tena, kwa sauti ndogo, "Usiseme hivyo, mdogo wangu."

Nimevunja kiapo kwa hasira, ili tu nimuone ameumia kama mimi. Na hakuna anayejua kama dawa kamili ingemwokoa yule mama. Watu wanapata kiharusi na dawa zao mdomoni. Hilo nalijua vizuri. Hilo sikumwambia.

Nilipofika mlangoni alisema Ijumaa atakuja.


Jumanne, 11 Machi

Simu mara tatu. Hapokei. Jioni ametuma ujumbe: nina mashuka mia mbili ya kumaliza.


Ijumaa, 14 Machi

Alikuja. Alikuja amemshika mkono Mama Vifungo, wanatembea taratibu, hatua moja, pumziko, hatua moja. Binti wa Mama Vifungo nyuma yao amebeba mkoba. Nilipowaona tu, moyo ukashuka. Hakuna mgonjwa mwingine ambaye angeweza kuitwa, kati ya wote? Kumbe jina alilipeleka Dada mwenyewe, wiki nzima iliyopita, kabla sijamwambia habari ya chaki.

Chumba cha mikutano, meza ndefu, feni inalia. Profesa, Bwana Asilimia, na mama mmoja mwenye miwani kutoka kamati ya maadili, mpole, anaandika kila kitu. Mama Vifungo akawekwa karibu na Dada. Mkono wake wa kulia aliuinua kwa wa kushoto akauweka mapajani, kama mtu anayepanga kitu cha mwingine.

Nilisema mimi kwanza. Nilieleza beseni, stoo, kugawana. Nilieleza kwamba hawakuwa na nia mbaya, waliogopa, na kwamba mimi sikujua. Sikutaja orodha. Sauti yangu ilikuwa sawa, nadhani.

Mama wa miwani akamgeukia Dada. Je, ni kweli?

Dada akamtazama Mama Vifungo. Mama Vifungo naye alikuwa anamtazama yeye, kwa ile nusu ya uso inayotabasamu bado, kama mtu anayesubiri mwenyekiti wake amsemee, maana ulimi wake sasa ni mzito. Nilihesabu mizunguko ya feni.

"Hapana," Dada akasema. "Kila mtu alikunywa vyake."

Macho makavu. Mama wa miwani akauliza tena, kwa upole uleule. Dada akajibu vilevile. Akaongeza kwamba mdogo wake ni mtu mzuri, anafanya kazi sana, labda alichoka.

Labda alichoka!

Bwana Asilimia alikuwa ananitazama. Nadhani yeye alijua, palepale. Lakini yeye ni mtu wa namba, na namba ya wanaosema beseni ilikuwa moja; washonaji wote wangefuata neno la mwenyekiti wao. Mbele yao nilionekana hivi: muuguzi anayewatupia wagonjwa lawama, tena dada yake, tena mbele ya mwanamke aliyepooza.

Sikulia mle ndani. Nililia chooni.


Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi. Karatasi iko hapa chini ya daftari. Profesa alinipa jana mlangoni, ameikunja mara mbili.

"Nakiri kwamba kwa uzembe wangu chupa zilichanganyika wakati wa kuhesabu." Nikitia sahihi, jarida litaondoa matokeo, na utafiti utarudiwa mahali pengine, na muuguzi mwingine. Nisipotia, hakuna sababu iliyothibitishwa, damu zitaitwa hitilafu ya friza, na matokeo yatabaki yalivyo: dawa haifai. Profesa alisema nimsaidie tumalize. Alisema kama ananifanyia hisani.

Nikidanganya, dawa itapata nafasi ya pili. Nikishikilia ukweli wangu, uongo ndio utakaobaki kitabuni, na presha za watu zitaendelea kupanda zahanati zikiwa tupu. Na nikitia sahihi, baraza la wauguzi litachukua cheti changu. Miaka kumi na tisa ya kazi.

Dada alikuja saa tatu. Hakugonga, hajawahi kugonga hapa. Alipita moja kwa moja jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Nilisimama mlangoni nikisubiri samahani. Niliisubiri kama mjinga, nilikuwa hata nimeandaa jinsi ya kuipokea.

Akasema, mgongo wake kwangu, "Umeshatia sahihi?"

Nikasema bado. Amejuaje kuhusu karatasi, sikuuliza. Profesa, nani mwingine.

"Tia tu, mdogo wangu. Wewe utapata kazi nyingine. Mimi uso mwingine nitautoa wapi?"

Nikamwambia si kazi, ni cheti, ni jina langu. Nikamwambia angalau ageuke anitazame. Aliendelea kusugua sufuria. Akasema yule binti ndiye anayemlisha mama yake kwa kijiko sasa, asubuhi na jioni, na kila akimwona yeye anamwita mama mkubwa. "Nimwambie nini yule?"

Nilikuwa na la kumwambia. Kwamba hakuna anayejua. Kwamba huenda beseni halikumfanya kitu Mama Vifungo. Ningelisema hilo Jumapili, au hata pale jikoni leo, pengine angesema ukweli wake. Nimelishika mdomoni sijui kwa nini. Ninajua kwa nini. Nataka aumie kidogo zaidi.

Nimekuja chumbani, nimefunga mlango, naandika. Alinilea. Aliacha shule ili mimi nisome huo uuguzi. Na jana aliniuza kwa sentensi mbili, na leo amekuja kuhakikisha nimepokelewa. Yote mawili ni yeye, na siwezi kulitoa moja nikabaki na lingine.

Maji yamefungwa. Nasikia viatu vyake kwenye korido. Amesimama nje ya mlango wangu, nakiona kivuli chini.

Anauliza kama nina kalamu inayoandika.