Shamba Lililolala Upande

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Tausi kaja tena na daftari la hesabu, uso umemshuka. Binti wa marehemu Ayubu, kidato cha tatu. Mama yake, Mwamvua, ndiye anayemsukuma aje kwangu. Aliponiamkia tu akaniuliza, kwa adabu lakini kwa kuchoka: hizi hesabu ni za nini? Kwenye mtihani wa mwisho yeye ataandika namba yake na kutoka. Nusu ya darasa wamepanga hivyo.

Nikampa majibu yangu. Nimeyatoa darasani miaka thelathini na minne mpaka nikastaafu nayo. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Fundi cherehani asiyejua robo huharibu kitambaa cha watu. Mpishi wa shughuli hukadiria mchele kwa vichwa. Akapiga miayo. Kasema shangazi yake hupika pilau la watu mia tatu na hajui hata kuandika. Kweli anapika, na halipungui.

Jumatatu ya tarehe 15, karatasi za mirathi ya baba yake zinakwenda mahakama ya mwanzo. Nimeshatia sahihi, kama mpimaji na kama shahidi. Shamba ni ekari nane kwa ramani ya zamani. Sheikh alitoa mafungu: mjane moja, binti nne, na kinachobaki, yaani tatu, ni cha Rama, ndugu wa marehemu. Rama ndiye msimamizi wa mirathi. Ndiye pia mume wa Khadija, binti yangu. Kazi ilikwisha kwa amani, alhamdulillahi.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo sikutumia ubao. Nilichukua vijiti vinne vya urefu mmoja, nikavifunga pembeni kwa uzi, ukawa mraba. Nikamwambia Tausi asukume pembe moja, polepole. Mraba ukalala. Akasukuma tena, ukalala zaidi, mpaka vijiti vikagusana.

Nikamuuliza kama kuna upande uliopungua. Hakuna. Na ndani kumebaki nini? Hakuna kitu. Huu uliolala ndio msambamba, nikamwambia: eneo lake ni kitako mara kimo, si upande mara upande. Kanuni anaijua kwa Kiingereza. Huikariri kama dua asiyojua tafsiri yake.

Akasukuma vijiti, akavirudisha.

"Babu," kasema, "shamba letu nalo limelala hivi."

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Huku kwetu ekari hupimwa kwa miguu, hatua sabini kwa sabini. Ekari nne — mia na arobaini kwa mia na arobaini. Ndivyo nilivyopima fungu lake, nikizunguka pande zote nne, Rama akinishikia kamba. Kila upande mia na arobaini. Nikaandika: ekari nne. Mihogo ilikuwa imepita kichwa, ng'ambo hakuonekani. Lakini ule mfereji wa mpakani haukutani na barabara kwa pembe mraba. Unakwenda mshazari. Nimeuvuka mara ngapi mfereji ule!

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda peke yangu asubuhi. Nilifunga mafundo kwenye kamba, pembetatu ya tatu, nne, tano, nipate pembe mraba ya hakika. Nikapima kimo kutoka barabarani moja kwa moja hadi mpaka wa mkonge ulio nyuma ya shamba. Hatua mia na kumi na tisa. Nikarudia. Nikarudia tena.

140 × 119 = 16,660. Gawa kwa 4,900. Tatu nukta nne.

Si nne. Binti amepungukiwa zaidi ya nusu ekari. Na imekwenda wapi? Kwa anayechukua kinachobaki — fungu ambalo hakuna aliyelipima, maana kilichobaki hakipimwi. Mpaka wa Tausi ulitakiwa usogee hatua ishirini na tano kufuata barabara. Katika ukanda huo nimehesabu minazi ishirini na sita inayozaa. Rama ameshachimba mashimo ya michungwa katikati yake, safu nne. Udongo bado mbichi.

Nilifundisha msambamba miaka yote ile. Nikaenda shambani na kamba, msambamba nikauacha darasani.

Jumatano, 10 Septemba

Nilikwenda kwa Rama baada ya alasiri. Khadija alileta chai na mihogo ya kukaanga. Nikaeleza yote, nikachora kwenye karatasi. Rama alisikiliza vizuri, hakunikatiza. Ni mkwe mwenye adabu, sijapata kumlaumu.

Akasema watu wote wa Pongwe hupima sabini kwa sabini. Tukianza mambo ya kimo, mashamba yote mpaka Maramba yatafumuka. Halafu akatabasamu kidogo.

"Ulipima mwenyewe, Baba. Mimi nilishika kamba tu."

Kweli tupu. Je, alijua? Sijui. Sitaki kuandika nisilolijua.

Khadija alinisindikiza hadi njiani. Alisema watu wataona nilimpunguzia yatima ili binti yangu anenepe. Aibu itakuwa yangu, na yeye ndiye atakayekaa nayo ndani ya nyumba. Ni hatua ishirini na tano tu, Baba. Nilitaka kumweleza kwamba kosa dogo kwenye upande huwa kubwa kwenye eneo. Nikaona nimeanza tena kufundisha. Nikamuaga.

Alhamisi, 11 Septemba

Tausi hakuja. Mimi pia sikumwita.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nilimfuata Mwamvua nyumbani kwake, nikamweleza. Nilidhani atakasirika. Aliogopa. Kasema, "Baba Khadija, liache. Rama ndiye mwanamume aliyebaki. Akituchukia, nani atasimama siku ya kumwoza huyu?"

Tausi alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Kauliza tu huyo anayeozwa atakula nini mpaka siku hiyo ifike, maana minazi ishirini na sita ni chakula na mahitaji ya shule. Mama yake akamwambia afunge mdomo mbele ya wakubwa. Akaufunga, akakuna nazi kwa nguvu mpaka kifuu kikalia.

Njiani nikakutana na Nasri, fundi baiskeli. Habari imeshamfikia! Akaniuliza kama kweli nimeshindwa hesabu ya mtoto wa shule. Tukacheka wote. Kisha akaongeza kwamba babu anayekosea huwa anakosea kuelekea kwake. Alisema kwa utani. Mimi sikucheka hiyo ya pili.

Jumatatu, 15 Septemba

Mahakamani tangu saa mbili asubuhi. Tausi alikuja na sare ya shule, daftari kwapani. Hakimu, mama mmoja mpole wa makamo, alisoma karatasi akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mwamvua aliangalia sakafu.

Nikasimama. Nikasema vipimo vya fungu la binti si sahihi, na aliyekosea ni mimi.

Hakimu aliniuliza nina hakika gani. Nilianza kueleza. Tausi akanyoosha mkono kama yuko darasani. Akaruhusiwa. Akaeleza kitako na kimo kwa Kiswahili. Penye kugawa akakosea, akajirekebisha mwenyewe. Karani akatoa simu yake, akabonyeza, akaitikia kwa kichwa.

Amri: shamba lipimwe upya kesho mbele ya karani, msimamizi au mwakilishi wake awepo, kigingi cha mpaka kiwekwe panapostahili.

Rama alitoka bila kuniaga. Khadija hapokei simu. Nimempigia mara tano. Ni binti yangu wa pekee.

Jumanne, 16 Septemba

Naandika nikiwa shambani, nimekaa juu ya gogo la mnazi. Karani yupo, Mwamvua yupo amejitanda kanga mpaka machoni. Tausi kashika kamba na kigingi. Kimo tumekipima mbele ya karani: mia na kumi na tisa. Kimebaki kigingi, na hatuwezi kukiweka bila upande wa Rama. Ametuma ujumbe kwamba ana homa. Karani anaangalia saa. Amesema akimaliza soda yake anaondoka, tutapangiwa siku nyingine. Mwezi ujao labda. Mvua za vuli zitakuwa zimeanza, na michungwa imepandwa.

Kuna mtu anakuja kwa njia ya mfereji. Mwanamke.

Ni Khadija. Peke yake. Amemwambia karani kwamba yeye ndiye mwakilishi. Karani kaandika jina. Hakuniamkia, kanipita kama gogo nililokalia. Kenda moja kwa moja kwa Tausi, kachukua kigingi mkononi mwake.

"Nionyeshe mpaka wako unapofika," kamwambia.

Tausi kanitazama mimi. Sikumwelekeza. Kageuka, kahesabu hatua kutoka mpaka wa zamani, kwa sauti, akipita katikati ya mashimo ya michungwa. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Kasimama, kaonyesha kwa kidole cha mguu.

Khadija amefika pale. Anaangalia yale mashimo ya mumewe, moja baada ya jingine. Kigingi bado kiko mkononi.