Makofi Yangu ya Kava

Ndiyo, Litiana mwanangu, nimekwenda hospitali, wakakipasue hiki kidole kilichojikunjia kiganjani. Asubuhi si tumewapokea wageni kwa kuwanywesha kava? Nikapiga makofi ya heshima, yakalia pwata, kama samaki kadondoka. Mumeo Vilikesa akacheka mbele za watu: "Mzee, unapiga makofi au unaua mbu?" Mkwe huyo! Miaka sita anakula magimbi yangu, kisu cha kuyamenyea hakijui.

Leo ayamenye yeye. Asisahau tui. Kuku wafungieni.

~~Kuleni, msiningoje.~~ Hapana, ningojeni. Jioni narudi, mkono wa kulia umefungwa bandeji wote. Vilikesa atanilisha tonge kwa tonge, wageni wanatazama, sote tumekaa mkekani tunakula.

Babu wa wanao