Nilionya Darasa kwa Kiingereza, Mwanafunzi Wangu Akaungua

Dada mshauri, naomba unisaidie, mwenzio yaliyotokea Jumanne yamenishinda. Mimi ni mwalimu wa kemia, na shuleni kwetu Kiswahili ni marufuku kuanzia getini, ukikizungumza jina lako linaingia kwenye daftari la aibu, walimu nasi tumo, majina yanasomwa Ijumaa mbele ya shule nzima, mimi nimeshasomwa mara mbili, watoto wakacheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Basi siku ya jaribio niliwaonya kwa Kiingereza kitupu kwamba tindikali ndiyo inayomiminwa kwenye maji, wasithubutu kumimina maji kwenye tindikali, nikauliza kama wameelewa, wakaitikia wote, "Yesi, ticha!" Lakini dada, nisikudanganye, niliziona nyuso zao, nilijua hawajaambulia kitu, nikataka kurudia kwa Kiswahili, mara mkuu wa shule akapita dirishani, nikanyamaza.

Hazikupita dakika tano, binti wa dawati la mbele, yule mpole, akamimina maji kwenye tindikali, ikachemka ikamrukia mkononi na shavuni, jamani! Nikapiga kelele, "Maji! Fungueni bomba! Mmwagieni!" na darasa zima likatimkia bombani. Kwa Kiswahili, dada. Hakuna aliyeuliza nimesema nini.

Nilipokwenda kumwona wodini akaniomba radhi kwa kuvunja chombo, kisha akauliza taratibu, "Mwalimu, kwani siku ile ulituambia nini?" Nikamwambia apumzike, nikatoka. Sasa Jumatatu mama yake, fundi cherehani, ameitwa kwenye kamati ya nidhamu, wanataka kumfukuza binti kwa kupuuza maagizo ya mwalimu. Maagizo yangu! Nikisema ukweli, kazi sina. Nifanyeje?

Mwalimu Mwoga

Mwalimu,

Loh! Barua yako nimeimaliza nimesimama, chai imepoa mezani. Pole, naona unaumia, ila pole ya kwanza si yako. Uliziona nyuso za watoto, ukauona na uso wa mkuu, ukachagua wa mkuu. Hilo usimsukumie mtu. Kiingereza wafundishwe, tena wakijue vizuri, nani amekataa? Lakini kumkabidhi mtoto tindikali kwa lugha unayojua haielewi, hivi ulikuwa na akili zako kweli?

Usingoje Jumatatu. Leo hii rudi wodini. Binti alikuuliza swali na hujamjibu, kwa hiyo kaa kitini umjibu neno kwa neno. Kisha pita kwa mama yake umweleze, asije akaingia kule kusimangwa bila kujua kitu. Yaandike yote uliyoniandikia mimi, tia saini, nakala moja baki nayo. Kwenye kamati zungumza wewe kwanza, kabla hawajamgeukia mtoto, na uzungumze Kiswahili, maana yule mama ana haki ya kusikia kila kinachosemwa juu ya mwanawe. Kazi inaweza kwenda, sikufichi. Shavu la yule binti limeshakwenda.

Na wakilichomoa lile daftari, watajie jina lako, uendelee kusema.